Akina Mwantum

Kila alfajiri, akishasali, Shangazi Sijaona wa Mahege aligonga ukuta wa chumba cha ndani na kusema, "Bado." Humo alikaa Mwantum, binti wa marehemu kaka yake. "Abee, shangazi," aliitika, akaendelea kusuka ukili wa mikeka. Alikuwa mwali. Alivunja ungo akiwa kidato cha kwanza, akawekwa ndani, na ilisemwa atatolewa kwa ngoma baada ya mavuno. Mavuno mawili yakapita.

Siku moja Mwantum aligawanyika. Kulikucha wako wawili, wote na kovu lilelile kwenye kidole gumba. Shangazi akaongeza sahani. Baadaye wakawa wanne, kisha wanane, na hakuna aliyerefuka hata kidogo. Mikeka ikaanza kujaza pikipiki nzima kwenda sokoni Mohoro. Majirani waliisifu sana. Habari ya ngoma hakuuliza mtu, maana watu wale kwa kukalia mkeka mzuri hawajambo!

Mwalimu Warda, wa baiolojia, alikuja na daftari la mahudhurio.

"Seli za kiinitete ndivyo zilivyo," alisema, akichungulia ndani. "Zikiletewa ishara ya kubaki hivyohivyo, zinajizidisha tu, hazibadiliki. Ishara ikikatika, hii inakuwa moyo, ile mfupa. Acha kugonga huo ukuta, mama."

"Kumbe kazi yangu unaijua. Sasa unanifundisha nini?"

"Unamla mtoto wa watu!"

"Wa kaka yangu. Kama wivu unakuwasha, chukua mmoja, uondoke. Na mguu wako usirudi hapa."

Mwalimu alichukua aliyekuwa karibu na mlango.

Huyo akawekwa bwenini Kibiti, mbali na ukuta ule. Alirefuka, akaota chunusi, akajua kubisha. Alipofaulu kidato cha nne alirudi Mahege na karatasi ya matokeo mkononi.

"Nimekuja kujichukua," alisema. "Wote saba."

"Saba gani?" Shangazi akacheka kwa dharau. "Hebu hesabu."

Mwantum alihesabu mlangoni. Wanane. Waliinua nyuso zao za miaka kumi na minne, wakamtazama.

"Shikamoo, dada," walisema, wakarudi kwenye ukili.

"Umeona? Mimi sijapungukiwa." Shangazi aligonga ukuta, ingawa ilikuwa adhuhuri. "Bado!"

"Abee, shangazi," waliitika wanane.

Wa tisa aliuma mdomo ili asiitike.