Anga la Kisaburo

Kisaburo hakuwa na nywele, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na subira. Na katika miaka arobaini ya kuchapa picha kwa mbao zilizochongwa, pale mtaani Fukagawa, hakuwahi kuwa na jina lake pembezoni mwa picha hata moja. La mchoraji lilikuwepo, na la mwenye duka.

Asubuhi hiyo ilifika barua ya mwenye duka la picha, bwana Hirose. Ile picha ya jioni ya mto Onagi imependwa mno. Zinatakiwa nyingine mia mbili. Kazi atapewa kijana wa mtaa wa Kyobashi, mwenye mkono mwepesi. Kisaburo aandike tu jinsi anavyolififisha lile anga, buluu iliyokolea juu, ikipungua mpaka inaishia kwenye mapaa.

"Nimfundishe mtu wa kuninyang'anya tonge!" alifoka.

"Si uandike," alisema mkewe Otami, akimenya figili. "Au hujui unavyofanya?"

"Najua!"

"Haya, maji kiasi gani?"

Kisaburo alilowesha kitambaa, akakipitisha kwenye ubao, akapaka rangi, akaisambaza kwa brashi. "Kiasi hiki."

"Hicho nacho ni kipimo? Mzee wangu, hata supu yangu ina kipimo."

"Supu yako jana ilikuwa chumvi tupu."

"Na bakuli ulilamba."

Aliandika, akachana, akaandika tena. Jioni, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, alipopita akipuliza tarumbeta lake, Otami alichungulia begani kwa mumewe, akasoma:

"Maji: yanayobaki kwenye jani la figili ukilikung'uta mara moja. Rangi: simama darajani apitapo muuza tofu, tazama juu ya mapaa, kisha kimbia nyumbani kabla hujasahau. Mkono: wangu umeota begani kwangu, hauendi Kyobashi bila mimi. Ukiutaka, hizo mia mbili nitachapa mimi, na jina langu likae pembezoni, hata kama ni dogo kama punje ya mchele."

"Mh! Bwana Hirose akikasirika je?"

"Tutakula figili."

Otami alicheka, akamletea punje za wali za kugandishia bahasha kwenye ncha ya kijiti. Kisaburo alizisaga kwenye mkunjo wake, akakandamiza kwa dole gumba lililokuwa bado na rangi. Alipoliinua, alama ya buluu ilibaki pale.

"Umeichafua," alisema Otami.

"Iache."

Akavaa kandambili, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.