Mguu Sawa

Okoth alikuja wodini mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo ilinimaliza.

Mimi nilikuwa hapo miezi mitatu. Kaka yangu Otim, askari wa jela Jinja, aligongwa na lori la miwa akiwa kwenye pikipiki, kichwa kikaumia vibaya. Walipomaliza kumpasua, mama yetu, ambaye tunamwita Mayi, akataka aletwe Mbale awe karibu na kwetu Busiu. Nikafunga kibanda changu cha kuziba matairi Nalufenya, huko huko Jinja, nikakodi chumba Malukhu, karibu na hospitali. Ni mimi, mdogo wake wa kiume, nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Ni mimi nilimwosha, nikampitishia uji kwenye mpira wa puani. Macho yake yalikuwa wazi, lakini kama duka ambalo mwenyewe ametoka.

Halafu Daktari Olivia akasema kuna dawa ya kujaribu.

"Ni vidonge vya watu wanaotetemeka mikono. Vinaitwa amantadini. Havikutengenezwa kwa ajili ya hii, lakini wengine walioumia ubongo vinawasukuma kidogo, wanaanza kurudi. Wengine haviwafanyi kitu. Atapewa siku ishirini na nane, asubuhi na mchana. Nikimwambia fanya hivi akafanya, tunaendelea. Asipofanya, tunaacha, mnaenda naye nyumbani."

Mbale tulizunguka, hatukuipata. Aliyeipata ni Okoth, akaituma kutoka Kampala. Okoth na Otim waliingia mafunzo ya askari jela siku moja, wakalala chumba kimoja miaka sita. Basi kuanzia siku hiyo sala za Mayi zikabadilika. Mungu mbariki Okoth. Mungu mlinde Okoth. Mimi nimesimama hapo na beseni la maji machafu, sitajwi.

Daktari aliuliza mgonjwa anasikia lugha gani. Mayi akajibu haraka, "Lumasaba. Hiyo tu."

Haikuwa hiyo tu. Mayi hataki Kiswahili. Alikuwa mtoto mdogo wakati wanajeshi walipoingia kwao, wakauliza kwa Kiswahili baba yake yuko wapi, na baba hakuonekana tena. Baadaye akaolewa na askari jela, sijui ilikuwaje, lakini nyumbani sheria ilikuwa moja: Kiswahili kinabaki mlangoni pamoja na viatu. Sisi watoto tulikuwa tukitoka nje tunakivaa tena. Otim ndiye hakukivua kabisa. Kazi yake, matusi yake, utani wake, vyote Kiswahili.

Sasa kila asubuhi daktari anamwambia kwa Lumasaba, funga mkono, tazama juu. Hakuna kitu. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nani anabishana na Mayi?

Siku ya ishirini, mchana, dawa ya pili imeshapita kwenye mpira, Okoth akaingia na yunifomu yake na viatu vinang'aa. Mayi alikuwa nje anafua.

"Emma. Salimia afande."

"Mimi si mfungwa wako."

"Utaniita tu siku moja."

Alinitania hivyo tangu niliponyimwa kazi ya jela. Darasa la sita halikutosha. Otim mwenyewe aliniambia siku ile, "Emma, hata ungekuwa na karatasi, sauti yako ni ya kuomba. Mahabusu wangekucheka." Okoth alikuwa hapo. Hakungoja mahabusu, alicheka yeye.

Akasimama miguuni pa kitanda. "Wewe Otim. Unalala zamu?" Akakaza mgongo, akatoa ile sauti ya gwaride. "Mguu... sawa!"

Halafu akageukia dirisha kujipangusa macho. Kwa hiyo hakuona. Mimi niliona. Mguu wa kushoto wa Otim ulitoka pale ulipokuwa umelegea, ukaja pole pole, mpaka kisigino kikagusa kisigino.

Huo mguu nimeukanda miezi mitatu.

Nikavuta blanketi nikaufunika.

"Kwani kuna baridi?" Okoth akauliza.

"Kwake ipo."

Alipoondoka niliinama sikioni pa kaka yangu. Mguu sawa. Hakuna. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nilinong'ona nikimwogopa Mayi, lakini hata bila Mayi nadhani ningenong'ona. Nikajiambia labda ni misuli tu ilishtuka. Nilijua najidanganya. Kilichonila ni kimoja: kati ya watu wote, amerudi kwa Okoth.

Siku ya ishirini na nane daktari akaja na faili. Akamwambia kwa Lumasaba mara tatu, afunge mkono. Mkono ukalala vile vile. Akatoa kalamu, akaandika.

"Mmefanya mlichoweza," akasema. "Kesho tunaacha dawa."

Mayi akaanza kukunja nguo za Otim, moja moja.

"Musawo, ngoja," nikamwambia daktari. "Anasikia. Anasikia Kiswahili. Okoth alimwamrisha, mguu ukaja. Niliufunika."

Mayi akaacha kukunja. "Uliufunika kwa nini?"

"Kwa sababu hakuja kwa sauti yangu."

Nikampigia Okoth, nikamweleza, nikaweka simu sauti ya juu karibu na sikio la Otim. Okoth akaamrisha mara mbili. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Mguu haukucheza.

"Simu haina kifua," Okoth akasema. "Amrisha wewe."

"Mimi sina sauti. Ulicheka wewe mwenyewe."

"Unanichukia?"

Mayi ananitazama, daktari ananitazama. "Sana," nikasema.

"Basi mpe hiyo. Usimwombe."

Nikasimama pale pale aliposimama yeye. Nikafikiria vile viatu. Nikafikiria zile sala, na miaka sita ya chumba kimoja.

"Mguu... sawa!"

Mzee wa kitanda cha dirishani, nadhani zamani alikuwa mwanajeshi, akabana mikono mbavuni. Mayi akaziba masikio. Kisigino cha Otim kikaja mpaka kikagusa kingine.

"Tena," daktari akasema.

"Mguu... pande!" Ukafunguka. "Mguu... sawa!" Ukarudi.

"Sasa sema kitu kingine, kwa sauti hiyo hiyo."

"Chai... tayari!"

Mguu ukatulia. Haikuwa kelele iliyomshtua, alisikia neno. Hapo daktari akainama juu ya faili, akakata mstari alioandika. "Dawa inaendelea," akasema.

Simu bado ilikuwa mkononi. "Emma? Imekwenda?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukata. Ningekata, ingebaki ni mimi tu niliyemwita akaja.

"Imekwenda."

Anangoja, mshenzi.

"Imekwenda, afande."

Hakucheka. Nilimsikia anapenga kamasi, na hiyo ikaniuma kuliko kama angecheka.

Mayi alisogea kitandani, akashika kile kisigino. Akamwambia mwanawe kwa Kiswahili kibovu, neno moja moja kama mtu anayetema mawe, "Otim. Mimi hapa. Mama yako."

Halafu akanigeukia.

"Okoth anakuja lini?"

"Jumapili," nikasema, maana ndivyo alivyoniambia kabla ya kukata simu. Saa mbili zilikuwa zimefika. Nikaingiza mikono chini ya mgongo wa kaka yangu, nikamgeuza.