Adabu kwa Mashine

Mashine ilipoanza kusema, Luciana aliondoa vidole kwenye kibodi, akaviweka mapajani na kusubiri imalize. Kichwa alikiinamisha kidogo, kama mtu anayepokea salamu za ukweni. "Jedwali. Mistari arobaini. Safu nne. Mstari wa kwanza. Safu ya kwanza. Kiungo. Barua..." Ilisema mpaka ikaumaliza mstari huo, na barua aliyoitafuta ilikuwa bado mistari thelathini mbele.

Nsajigwa, kijana wa Mbeya aliyeletwa kumfundisha programu hiyo ya kusoma skrini kwa sauti, alishusha pumzi tu. Luciana alimsikia, ikamuuma.

Miaka ishirini na miwili alikuwa masjala, akijua kila jalada lilipolala. Kisha presha ya macho ikamwibia nuru kidogo kidogo, na sasa afisa utumishi, Bwana Raphael, angekuja kesho saa nne asubuhi kumjaribu: dakika ishirini, atafute barua moja kwenye orodha na kuijibu. Akishindwa, anastaafishwa. Aliogopa, tena sana. Njaa hakuiogopa, shamba la ulezi lilikuwepo. Aliogopa kushinda barazani nyumbani kwake Malangali, wapita njia wakimuuliza mwanawe kama mama amekula.

"Mama," Nsajigwa alisema, "mbona huikatizi? Bonyeza hapa pembeni, inanyamaza."

"Wakati inasema?"

"Ndiyo, hapo hapo inaposema."

"Si vizuri."

Kijana alicheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake. Hakujua kwamba Luciana alilelewa katika nyumba ya Kifipa ambamo mtoto hupiga goti, hupiga makofi taratibu, na hasemi lake mpaka mkubwa amalize yake. Katika umri wake wote hakuwahi kumkata mtu kauli, hata wale waliomjadili mbele yake tangu alipopofuka, utadhani na masikio yamekwenda.

"Hiyo si mtu, mama. Hainuni."

"Ninyi watu wa Mbeya mna haraka," alisema, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kufika. Mashine ikakomea katikati ya neno. Alingoja kukaripiwa, na hakuna aliyemkaripia. Akabonyeza tena, safari hii akitabasamu.

"Sasa tuipunguzie maneno," Nsajigwa alisema, akifungua mipangilio. "Neno 'kiungo' unalitaka?"

"La nini?"

"Idadi ya safu?"

"Ni nne. Orodha hiyo niliipanga mwenyewe."

"Nukta na mkato?"

Hapo alifikiri. "Ninaposoma, inyamaze. Ninapoandika, iseme. Barua yenye mkato mahali pabaya hainitoki mimi."

"Tarehe tuondoe?"

"Thubutu! Masjala bila tarehe ni ghala la karatasi."

Wakafika kwenye kasi. Luciana akasema ongeza. Akasema ongeza tena. Sauti ikawa mchirizo mmoja mwembamba, na Nsajigwa akainua mikono.

"Mama, mimi siipati tena."

"Mimi naipata," alisema Luciana kwa furaha.

Kesho yake baridi ya Julai ilikuwa imeingia hadi ofisini. Bwana Raphael alisimama nyuma ya kiti cha Luciana, Nsajigwa akiwa pembeni, akataja barua: malalamiko ya mpaka wa shamba, kutoka Chala. Luciana aliipata kabla afisa hajamaliza kufunga vifungo vya koti. Akaanza kujibu. Aya ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha.

"Nsajigwa," Bwana Raphael alinong'ona, "mwambie asome aya ya pili. Au amechoka? Mimi naona tumhurumie tu, maana kazi hii kwa hali yake..."

Vidole vya Luciana vilisimama. Mikono ilitaka kurudi mapajani, na kwa kitambo kidogo ilikaribia kurudi.

"Bwana Raphael," alisema, "samahani, nakukatiza. Niambie mimi."

Nsajigwa alikohoa. Upepo ulitikisa bati. Kisha kiti kingine kikaburutwa sakafuni, kikasogea, kikatua karibu naye, na sauti ya afisa sasa ikatoka usawa wa sikio lake.

"Haya, mama. Nisomee aya ya pili."