Breki Nyuma ya Ubao

Mama alipotimiza miaka sabini aliamua kugawa vitu vyake mwenyewe, angali na macho ya kuona nani anachukua nini. "Sitaki mje kugombana nikiwa sisikii," aliwaambia wanawe watatu. Wangefanya sherehe ndogo uani, kila mmoja azungushe gurudumu la zawadi mara moja. Atakachopata ndicho chake, na vitakavyobaki vibaki kwa Mama.

Kazi ya kulitengeneza ilimwangukia binti mkubwa, fundi baiskeli ambaye hata nyumbani walimwita Spana. Alitafuta ringi kuukuu, akainyoosha spoku moja moja, akatia gololi mpya na grisi mpaka ikawa inazunguka kimyakimya. Mbele yake akafunga duara la plaiwudi, akaligawa vipande sita kwa uzi na penseli, akavipaka rangi: mwavuli, redio, saa ya ukutani, vikombe, pasi, cherehani. Akalisimamisha kwenye stendi ya mbao, na kwenye ncha ya stendi, juu ya ubao, akapigilia ulimi wa ngozi, wa kuonyesha gurudumu limesimama wapi.

Ile cherehani ndiyo iliyomkaa rohoni. Tangu utotoni, aliyekalishwa mbele yake ni mdogo wake. Yeye akisogea, Mama humwambia, "Wewe mikono yako ya spana, utaniharibia." Watu wakacheka, naye akacheka, jina likamganda. Sasa mdogo wake alikuwa akishonea watu nguo kwa cherehani ya jirani, akisubiri mwenyewe ainuke ndipo naye akae. Spana alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, siku moja kabla ya sherehe alifunga breki ya baiskeli nyuma ya ubao, waya wake akaupitisha kwenye mguu wa stendi, mahali ambapo mtu aliyeishikilia angeweza kuuvuta kwa vidole viwili. Alijiambia ni kwa usalama, watoto wasije wakaumia. Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye spoku iliyokuwa nyuma ya kipande cha cherehani, na hapo hakujiambia kitu.

Kaka yao, dereva wa lori, alianza. Akapata saa. "Hata Mama naye anasema nachelewa," akalalamika, uani pakajaa kicheko.

Mdogo mtu akafuata. Alizungusha kwa mikono miwili, amefumba macho. Kule nyuma, alikosimama akiishikilia stendi, Spana aliuona uzi mwekundu ukizunguka, ukipungua mwendo, ukipanda polepole kuelekea juu kabisa. Hakuna aliyekuwa ameugusa. Ulikuwa unakwenda wenyewe.

Akavuta waya.

"Mwavuli," kaka yao akasoma. Mdogo wake akaufungua, akazunguka nao uani kwa madaha kama bibi harusi.

"Haya dada, zamu yako," mdogo wake akamwambia Spana.

"Nikiiachia stendi itaanguka," Spana akasema. "Nizungushie wewe."

Mdogo wake akapuliza viganja vyake, akazungusha kwa nguvu zote. Gurudumu likasimama kwenye cherehani. Alikuja nyuma ya ubao mbio, akamkumbatia. "Afadhali imekwenda kwako. Sasa nitaazima kwa dada yangu, si kwa watu."

Wageni walipoondoka, Spana alibaki jikoni akiosha vyombo, Mama akifuta.

"Kiti changu kilikuwa pembeni," Mama akasema. "Niliuona mkono wako."

Spana akafunga bomba. "Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe."

"Ningekuomba, ungenipa?"

Mama akaiweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Sijui," akasema. "Hukuwahi kuniomba."

Ilimchukua wiki tatu. Mdogo wake alipiga simu mara mbili kuulizia cherehani, na mara zote mbili Spana akasingizia kazi nyingi. Hatimaye aliifunga nyuma ya baiskeli, akampelekea. Alimkuta akipiga pasi lundo la mashati. Yule jirani alikuwa amehama na cherehani yake, wateja wametawanyika, na mdogo wake ameshika kibarua kwa dobi.

"Nilivuta breki," Spana akasema, hata kabla ya kukaa, akamweleza yote.

Mdogo wake aliiegesha pasi. "Uliponizuia mimi, au nilipokuzungushia wewe?"

"Zote mbili."

"Hiyo ya pili mkono ulikuwa wangu, dada." Akalikunja shati, akachukua jingine. "Iweke pale dirishani. Asante kwa kuileta."

Hakumnunia. Hutembeleana, huchekeana, na wateja wawili watatu walirudi. Ila mdogo wake akipatwa na shida, siku hizi humpigia kaka yao kwanza, na Spana huzipata habari zikiwa zimeshapoa.