Matanga ya Mpiga Gitaa

Mfuko wa chumvi uliniponyoka ukapasuka miguuni pangu. Mwaka ule wa 1977 chumvi haikuwa kitu cha kumwaga. Upande wetu wa Uganda watu waliificha chini ya kitanda na kuilamba kwa ncha ya kidole. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya baa moja Busia ya Kenya, mchana kweupe, na ukutani ilikuwa inapenya sauti ya gitaa la Othieno. Othieno huyo alikuwa azikwe Jumamosi.

Waliokuwa vijana Tororo siku zile hawahitaji kuelezwa Othieno ni nani. Wengine nitawaeleza. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Mwello aliyesikia muziki wa roki kwenye redio ya dukani, akaamua kwamba muziki ule ni wake na Wazungu wameuazima tu. Gitaa la umeme alilifuata Nairobi. Spika ilianguka kutoka kwenye lori kule Nagongera, karatasi yake ikapasuka, naye akaishona kwa sindano ya magunia. Tangu hapo gitaa lake likawa na mkwaruzo, sauti ya mtu aliyelia mpaka akakauka halafu akaamua kucheka. Wafanyakazi wa kiwanda cha saruji walikuja ukumbini na vumbi lao jeupe, wakacheza mpaka vumbi likahamia kwetu sisi wote.

Mwimbaji wa bendi ile nilikuwa mimi, Habibah. Baba yangu, Haji Mutwalibu, mtu wa malori na wa swala tano, aliposikia habari hiyo alisusa chakula nilichopika. Mama alisema atazoea. Hakuzoea, ila njaa ilimshinda. Tulirekodi santuri moja tu, tena siku hiyo nilikuwa na mafua.

Mwaka wa 1974, katikati ya dansi, kapteni mmoja wa jeshi alipanda jukwaani akamwonyesha Othieno kwa mkono kwamba anyamaze, anataka kuhutubia. Othieno alimaliza wimbo kwanza. Hilo ndilo kosa lake lote. Nje lilikuwapo gari lisilo na namba, wakamtia kwenye buti, nami nilisikia likifungwa. Hatukumwona tena, wala hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti.

Mama yake, Akongo, alikataa kulia. Watu wa ukoo wao wana desturi: aliyepotea bila maiti kupatikana huzikiwa mgomba badala yake, ukakatwa, ukavishwa shuka, ukaliliwa, ili roho yake ipate pa kulala na isihangaishe watoto. Akongo aliwazuia miaka yote hiyo, kwa sababu alijua sehemu ya pili ya desturi. Mtu akishazikwa kwa mgomba, nyumbani hakanyagi tena, hata akirudi mzima. Kaburi limeshalichukua jina lake. Mama atakayemwitikia hodi anaingiza kifo kwenye boma, na hakuna tambiko la kulifuta hilo. Basi watoto wa ukoo wakaanza kuugua homa, na shemeji yake, mzee Oketcho, akasema imetosha. Jumamosi tunazika.

Ndiyo maana niliiacha chumvi mchangani nikaingia ndani ya baa ile kwa mlango wa uani.

Jukwaani alikuwepo msichana. Nilifumba macho nikafumbua, na bado alikuwa msichana, Msamia mwembamba mwenye viatu vya plastiki, amelikumbatia gitaa la umeme na kulikwaruza vilevile, kwa ule ukaidi, kwa ule mkono unaochelewa kidogo kisha ukawahi. Alipomaliza nikamwendea.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Santuri," alisema. "Naitwa Taaka. Hapa kila mtu anapiga Othieno, mama. Kisumu wanapiga, hata Nairobi. Lakini wao wanasahau spika." Akanigeuzia spika yake. Ilikuwa mpya, na karatasi yake ilikuwa imechanwa kwa wembe, halafu ikashonwa kwa uzi wa gunia. "Nilisikiliza mpaka nikajua imeshonwa. Boss wa baa karibu anifukuze."

Ile ilikuwa ajali ya lori Nagongera, shimo la barabarani na dereva mlevi, na sasa watoto wasiotujua walikuwa wanapasua spika nzima ili waipate. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkemea. Nikabaki nimeishika ile spika mikononi.

"Dada, naleta soda gani?"

Aliyesema hivyo alikuwa mwokota chupa, mwanamume aliyekonda, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Chupa alizibeba kwa viganja viwili, si kwa vidole. Vidole vyenyewe vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake. Nikaitazama mikono ile kwanza, uso baadaye, na nilipoufikia uso nikakaa chini bila kutafuta kiti.

"Habibah," alisema kwa sauti ya chini, "usilie hapa. Watu nakuona."

Taaka alikuwa ameshageuka anahangaika na nyuzi zake. Othieno akachutama mbele yangu akijifanya anaokota vipande vya chupa. Kwa maneno machache akanieleza. Walimvunja vidole kwa nyundo, kimoja kimoja, wakimwomba awapigie wimbo. Kisha askari mmoja aliyeambiwa akammalizie kwenye kinamasi cha mto Malaba alimshusha, akamwambia kwamba katika dansi letu ndiko alikompata mkewe, akapiga risasi majini na kwenda zake.

"Huyu msichana anakujua?"

"Hapana. Siku moja mimi nasema, pale katikati wewe naharakisha. Yeye nasema, mzee, kama ungemsikia Othieno mwenyewe, ungenyamaza." Alicheka, meno yote nje. "Na alisema kweli. Mimi nasikia yeye, nasikia mkono yangu ya zamani."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anacheka, na kwa sababu miaka mitatu nilimlilia mtu aliyekuwa mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu.

"Jumamosi wanakuzika," nikamwambia. "Oketcho ameshachagua mgomba. Twende leo hii, mama yako akuone. Ukizikwa umekwisha, unajua desturi yenu kuliko mimi."

Kicheko kikaisha. Aliangalia mikono yake.

"Watu ya serikali nakuja bado kule Mwello?"

"Wanakuja. Kuna mmoja wa miwani, anauliza kila mwezi kama umerudi. Wamesikia mwili haukuonekana."

"Basi wacha wanizike," alisema. "Hiyo mtu ya miwani iko na akili. Kama mimi hapana zikwa, yeye natafuta askari ile alinishusha. Ile iko na watoto. Halafu nakuja Kenya kutafuta mimi."

"Na mama?"

"Usimwambia. Yeye akijua, atakimbia kuja hapa, na watu nafuata yeye." Akainuka na chupa zake. "Mama iko na nguvu. Atazoea."

Sikumwahidi. Nilivuka mpaka na chumvi kidogo niliyookota pamoja na mchanga, na njia nzima nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi ambaye bado hajajua limetoka upande gani. Kila nilipojiambia ninyamaze niliiona sahani ambayo Akongo bado alimtengea mwanawe kila jioni. Kila nilipojiambia niseme niliiona ile mikono.

Jumamosi boma lilijaa. Walikuja watu wa saruji, na vijana waliokuwa wanampigia magoti kwa masimulizi tu. Wawili walikuja na magitaa ya mbao waliyojichongea. Mtu wa miwani alikuwa ameketi kivulini na sahani ya nyama, anakula vizuri tu. Shimo lilikuwa tayari. Mgomba ulilala kando yake ndani ya shuka nyeupe.

Akongo alikuwa jikoni peke yake, anatazama moto bila kuuchochea. Nilijua kwamba nikitoka mle bila kusema, nitakuwa nimemfungia mtoto wake nje kwa mkono wangu. Mwenye haki ya kufunga lango lile hakuwa mimi, wala hakuwa Othieno.

"Mama," nilisema sikioni mwake, "yuko hai. Nimemwona kwa macho yangu. Wakimzika, yule wa miwani na wenzake wataacha kumtafuta. Wasipomzika watampata. Yeye anasema wamzike."

Hakushtuka kwa namna ninayoijua. Alisukuma ukuni mmoja motoni. Kisha akaniuliza.

"Yeye nakula?"

"Anakula, mama."

"Yeye napiga gitaa?"

Sikujua kwamba ningeulizwa hilo. "Linapigwa, mama," nilisema. "Huko kila mahali linapigwa."

Akaitikia kwa kichwa. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka, nami nikamfuata bila kujua anakwenda kufanya nini. Watu wakampisha. Alisimama juu ya ule mgomba, akauangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akasema kwa lugha yao ya Kidhopadhola, taratibu, hata mimi nikaelewa.

"Oketcho, nani amekata huu?"

"Mimi, shemeji."

"Utoe. Mwanangu alikuwa mrefu. Nendeni mkakate mgomba unaomtosha, na shimo hilo mlirefushe."

Wanaume wakatazamana, wakachukua mapanga wakaingia shambani. Hapo ndipo Akongo alipokaa chini, akanivuta kando yake, akalia kile kilio alichokinyima boma miaka yote ile. Kule kivulini mtu wa miwani aliweka sahani chini, akasimama, akavua kofia.