Majina Saba kwenye Jalada

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Mama Kwa Nini, kwa sababu ya wino wake mwekundu. Ukiandika kwenye insha kwamba jambo fulani ni muhimu, pembeni ungekuta ameuliza: kwa nini? Kwa miaka kumi na tisa alifundisha kozi ya Uandishi na Hoja, moja ya zile kozi za lazima ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzipitia, awe anasomea sheria, uhandisi au uuguzi. Ukumbi wake ulikuwa na viti mia tatu na wanafunzi mia saba. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi, na waliokosa ngazi walisikiliza dirishani, wakiandika juu ya migongo ya wenzao. Insha aliweza kuzisoma za wachache tu; wengine wote walipimwa kwa mtihani wa kuchagua jibu.

Kwa hiyo chuo kilipounda kamati ya watu saba kupanga upya kozi zote za lazima, alijitolea kabla hajaombwa, na akapewa ukatibu. Mwenyekiti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mkuu wa idara ya uhandisi, mtu mpole asiyependa ugomvi hata wa kwenye redio. Watu walitania kwamba kamati imekuwa ya ukoo. Wenyewe walicheka pia. Miaka miwili walikutana nyumbani kwa dada kila Jumamosi asubuhi, karatasi zimetapakaa meza nzima, wakibishana kama walivyobishana utotoni, hadi mume wa dada akazoea kula sahani ikiwa mapajani.

Kazi waliifanya. Walipita vitivo vyote, wakakaa na walimu, waajiri na wahitimu. Katika wahitimu hao, mmoja hakumtoka Mwalimu kichwani: muuguzi wa wodi ya wanaume, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyekuja na sare yake akitoka kazini. Alisimulia kwamba siku moja alimwona mgonjwa akipumua kwa kasi zaidi kila saa. Alijua kuna hatari. Akaandika kwenye daftari la zamu kurasa tatu, akianza na asubuhi mgonjwa alipokunywa uji, na jambo lenyewe likafukiwa katikati ya ukurasa wa pili. Daktari alisoma mistari mitano ya kwanza, akafunga daftari. Mgonjwa alifariki kabla ya saa sita mchana.

"Nilijua," muuguzi alisema. "Sikujua namna ya kuliandika likasomeka. Hapa chuoni niliandika mitihani ya kuchagua jibu miaka minne. Hakuna mtu aliyewahi kusoma sentensi yangu akaniambia haieleweki."

Alilia, akaomba radhi kwa kulia, akarudi kazini. Mwalimu alimwomba ruhusa ya kuyatumia maneno yake bila jina, naye akakubali. Maneno hayo ndiyo yaliyobeba ripoti nzima. Kamati ilipendekeza kozi kumi na moja zilizolundikana zipungue ziwe nne, madarasa yawe ya watu thelathini, na kila wiki mwanafunzi aandike kitu ambacho binadamu atakisoma. Wote saba walitia saini.

Jumatatu ya wiki ambayo Seneti ya chuo ingeijadili ripoti, mkutubi mkuu, mjumbe mwenzake wa kamati, aliingia ofisini kwa Mwalimu akiwa na bahasha ya Seneti. Akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika.

"Umeisoma ripoti yetu?"

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi isome tena."

Jalada lilikuwa lilelile, na majina saba yalikuwa palepale. Ndani ilikuwa ripoti nyingine. Kozi nne zilikuwa zimegeuka moja, ya video, mwanafunzi aitazame popote alipo, kisha afanye mtihani wa kuchagua jibu unaosahihishwa na kompyuta. Saa zitakazookolewa zitagawiwa idara za taaluma, na uhandisi ulitajwa wa kwanza. Mwalimu alifungua kurasa upesi upesi hadi ukurasa wa kumi na nne, palipokuwa na ushahidi wa muuguzi. Alikuta sentensi moja: "Wahitimu waliohojiwa, wakiwemo wa sekta ya afya, walieleza kuridhishwa na stadi za mawasiliano walizozipata chuoni."

Aliisoma mara tatu. Kozi kukatwa angeweza kupigania, alishazoea. Lakini yule binti alikaa mbele yao akatokwa machozi, na sasa mtu ameketi kwenye kiti cha ofisini akamwandikia kwamba aliridhika.

Hakubisha hodi kwa mdogo wake. Alimkuta na wanafunzi wawili na mchoro wa daraja.

"Nyinyi nendeni," aliwaambia. Wakaenda, mchoro wakauacha.

"Dada, kaa kwanza."

"Nani aliandika ukurasa wa kumi na nne?"

Mhandisi alivua miwani. "Naibu Mkuu wa Chuo aliniita. Akasema madarasa ya watu thelathini yanataka walimu wapya arobaini na hawatapatikana. Akasema kama ripoti itaingia vile, itatupwa yote. Afadhali tupate kidogo."

"Sijakuuliza habari za walimu. Nani aliandika ukurasa wa kumi na nne?"

"Ofisi yake iliandika. Mimi niliupitisha."

"Uliusoma?"

Mhandisi alianza kuukunja ule mchoro wa daraja.

"Uliusoma ukaupitisha, na jina langu likiwa juu."

"Vijana wangu wana vipindi thelathini na mbili kwa wiki, dada. Wanasinzia maabara, wameshika vyuma vya moto. Wewe hujawaona."

"Ungeniambia hivyo tungepunguza pamoja. Ulikuwa mezani kwangu juzi Jumamosi. Umekunywa chai yangu, umenisifia sentensi zangu, na hii ilishachapwa."

"Niliogopa utafanya hivi unavyofanya sasa."

"Bado sijafanya," alisema, na akatoka.

Siku mbili zilizofuata aligonga milango. Wajumbe wawili, wa sheria na wa kilimo, hawakuwa wameifungua hata bahasha. Walipoifungua mbele yake, wa kilimo alitukana, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyesikia. Mjumbe wa biashara alisema ana mtoto anayetafuta nafasi ya masomo ya uzamili, kwa hiyo aeleweke. Wa saba hakupokea simu.

Alhamisi Seneti iliketi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, vipaza sauti vya shingo ndefu na maji ya chupa. Naibu Mkuu, mwanamume wa tabasamu la kudumu, aliiwasilisha ripoti kwa dakika nne, akaishukuru kamati kwa moyo wa kujitolea. Mwalimu alibonyeza kipaza sauti chake.

"Naomba jina langu liondolewe kwenye jalada."

"Mwalimu, hayo tutayazungumza pembeni," Naibu alisema, tabasamu likiwa mahali pake.

"Jina limeletwa ndani ya kikao, litoke ndani ya kikao. Hii si ripoti niliyoitia saini. Na ukurasa wa kumi na nne ni uongo."

Mtu alikohoa. Mwalimu alifungua daftari lake na kuanza kusoma maneno ya muuguzi kama yalivyotamkwa. Naibu alimkatiza kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Mwalimu akaendelea kusoma. Naibu alipomgeukia Mkuu wa Chuo, aliyekuwa akiongoza kikao, mzee yule aliinua kiganja: mwacheni amalize. Mwalimu alisoma kwa hasira, neno moja moja. Aliposoma "sikujua namna ya kuliandika likasomeka," mkuu wa kitivo cha tiba aliweka kalamu chini.

"Na langu liondolewe," mkutubi alisema Mwalimu alipomaliza. Wa sheria akafuata. Wa kilimo akafuata, bila kusimama.

Msajili, ambaye kwa kawaida huwa hasemi, alipekua kanuni. Ripoti ya kamati ni ile inayoungwa mkono na wajumbe wengi, alisema. Wanne kati ya saba wamejitoa. Hapa hakuna ripoti. Mkuu wa Chuo akaamuru karatasi irudi ilikotoka. Mhandisi muda wote alikuwa akitazama meza.

Wiki iliyofuata Mwalimu alipokea barua ya kumshukuru na kumwondoa kwenye kamati. Wanafunzi mia saba waliendelea kubanana ukumbini.

Mdogo wake alikuja nyumbani baada ya mwezi. Hakumkaribisha ndani, walizungumza kibarazani, wamesimama.

"Nimejiuzulu uenyekiti," alisema. "Nimeiandikia Seneti ni nani alibadilisha nini, na kwamba nilijua. Naibu hanisalimii tena."

"Muuguzi je, umemwandikia?"

"Hapana."

"Ulimsingizia yeye kabla hujaniongopea mimi. Nenda hospitali. Usipige simu, nenda."

Alikwenda. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, akaomba nakala ya ukurasa ule, akamwambia ana zamu. Siku tano baadaye barua yake ilifika kwa Mkuu wa Chuo, ya ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza ulisema: "Sikuridhika, na sikusema kwamba niliridhika." Mkuu wa kitivo cha tiba aliirudufu, akaigawa kwa kila mjumbe wa Seneti, kisha akaomba kitivo chake kijaribu madarasa ya watu thelathini. Kikaruhusiwa, kwa mwaka mmoja, uuguzi peke yake.

Mwalimu sasa ana makundi mawili ya wauguzi, juu ya wale mia saba. Mhandisi alimtumia ujumbe kuuliza kama idara yake inaweza kufuata mwakani. Alimjibu aandike maombi rasmi, ayapeleke kwa mkutubi, aliyeachiwa uenyekiti. Mama yao anapouliza kwa nini hawaji kumwona pamoja kama zamani, kila mmoja humwambia ana kazi nyingi.