Miaka Mitatu ya Kumficha Maulidi

Firdausi alimfungia mdogo wake, Maulidi, katika chumba cha uani kwa miaka mitatu, na si kwamba alimchukia. Maulidi alikuwa mchoma mkaa huko Masaki, Kisarawe, mtu wa utani, na bangi alikuwa akivuta tangu ujana kama wenzake wengi wa porini. Kisha akaanza kusema kwamba ukuta unamtukana.

Wakati huo sheria ya dawa za kulevya ilikuwa imekazwa. Mkutanoni mtendaji wa kijiji alieleza kwamba adhabu sasa ni kubwa, na hata mwenye nyumba inayovutiwa bangi anaweza kushtakiwa. Wiki hiyohiyo jirani yao, Hashiru, alichukuliwa kwa mashina ya bangi aliyopanda bondeni, akafungwa. Firdausi akaona kwamba akimpeleka Maulidi hospitali, swali la kwanza litakuwa anavuta nini, na wataishia polisi wote wawili. Akatia kufuli. Waliomuulizia aliwaambia kahamia Maneromango.

Bangi ilikatika, lakini sauti hazikukatika. Firdausi alipika, alifua, aliacha kwenda harusini, na misibani hakukaa. Shamba la mihogo likaingiliwa na majani.

Mwaka huu Maulidi akagoma kula, akidai chakula kina sumu. Siku ya tano hakuweza kusimama. Firdausi akakodi gari la jirani, wakaenda naye hadi Kibaha.

Pale hospitali muuguzi aitwaye Adventina alimwamkia, akauliza mgonjwa ana nini. Firdausi akasema homa. Adventina akamtazama Maulidi, aliyekuwa akinong'ona na dirisha, kisha akauliza kama amewahi kuvuta bangi. Firdausi akageuka kutazama mlango.

"Mama, mimi si polisi," Adventina akasema. "Nataka kumtibu tu."

Ndipo Firdausi akaeleza yote, hata kufuli. Alikuwa amechoka kiasi kwamba machozi hayakutoka. Adventina hakumgombeza. Alisema wengi huletwa wakiwa wamechelewa, kwa hofu hiyohiyo. Daktari naye akaeleza kwamba huenda bangi ilichangia, ila ugonjwa sasa umekaa muda mrefu bila dawa na utachukua muda kutulia.

Walirudi nyumbani na vidonge. Kwa dawa hizo Maulidi alinenepa, mikono ikawa inamtetemeka, na akawa analala sana. Asubuhi moja, wakimenya mihogo uani, akamuuliza Firdausi kwa nini hakumpeleka hospitali mapema.

"Niliogopa watakufunga," Firdausi akasema.

"Mbona nilikuwa nimefungwa, dada."

Hakulisema kwa hasira. Akaendelea kumenya.

Sauti bado humjia, ila mara chache. Kila mwezi huenda kliniki pamoja. Mara ya mwisho foleni ilikuwa ndefu, na Firdausi akapitiwa na usingizi kwenye benchi. Jina lilipoitwa, Maulidi ndiye aliyemwamsha, kadi ikiwa mkononi mwake.